Wasdale Head, Kitongoji Kilicho Mwisho wa Barabara

Huko Cumbria, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ipo barabara nyembamba inayoambaa ziwa Wastwater, inapita mashamba machache, kisha inakoma. Hapo ndipo Wasdale Head: nyumba za wakulima za kuhesabika, hoteli moja, kanisa moja dogo. Anayetaka kuendelea mbele ashuke garini, kwa maana njia ya Sty Head iendayo Borrowdale na ile ya Black Sail iendayo Ennerdale ni za miguu tu, na zote mbili zinakwea mlima.

Juu ya kitongoji umesimama Scafell Pike wenye mita 978, mrefu kuliko milima yote ya Uingereza ukiziacha Wales na Scotland. Aliyezoea kuutazama Kilimanjaro atatabasamu. Asubiri kwanza ukungu wa huko umfunike. Wastwater nalo lina kina cha mita 79 hivi, hata sakafu yake iko chini ya usawa wa bahari, na upande wake wa kusini-mashariki mlima unamwaga vifusi vya mawe hadi majini. Ni mito ya barafu ya kale iliyochimba bonde hili, ikaondoka na kuacha mawe kila mahali.

Mawe hayo yaliwapa wakazi kibarua cha karne nyingi. Hapakuwa na shamba kabla ya kuyaokota, wala hapakuwa na pa kuyatupa, basi yakajengwa kuta. Hazina saruji wala udongo. Kila jiwe limekalishwa juu ya mengine likashikwa na uzito wake. Ukizitazama kutoka juu ya Great Gable, zinauzunguka uwanda wa bonde kama wavu uliotandazwa. Kuna sehemu ukuta ni mnene kupita kiasi, na sababu haikuwa kondoo: watu walikuwa wanatafuta pa kuyamalizia mawe. Hata hivyo yakabaki, yakarundikwa malundo katikati ya malisho.

Katika karne ya 10 walihamia pande hizi watu wenye asili ya Skandinavia, wengine wakitokea Ireland na Kisiwa cha Man. Huko Gosforth, bonde linapofungukia pwani, bado umesimama msalaba wa jiwe wa enzi hizo, mwembamba, wenye urefu wa zaidi ya mita 4. Umechongwa Kristo msalabani, na pamoja naye visa vya miungu ya Skandinavia. Inaonekana waliouchonga hawakuona haja ya kuchagua.

Kanisa la Wasdale Head, la Mtakatifu Olaf, ni miongoni mwa yaliyo madogo kabisa nchini, na kwa muda mrefu halikuwa na ruhusa ya kuzika. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, maiti alifungwa mgongoni mwa farasi akavushwa nyika ya Burnmoor hadi kijiji cha Boot, katika bonde la Eskdale. Husimuliwa kwamba siku moja farasi aliyebeba jeneza la kijana alishtuka akatokomea ukunguni. Mama yake kijana akafa kwa majonzi. Naye alipopelekwa kuzikwa, farasi wake akatoroka vilevile. Waliomtafuta huyo wa pili wakampata wa kwanza. Mama hakuonekana tena.

Mahali penye hadithi kama hiyo hapakosi msimuliaji. Will Ritson, aliyezaliwa mwaka 1808, alikuwa mfugaji, mpiga mieleka na mwenye nyumba ya wageni. Alijigamba kwamba Wasdale ina mlima mrefu kuliko yote, ziwa lenye kina kuliko yote, kanisa dogo kuliko yote, na mwongo mkubwa kuliko wote, yaani yeye. Aliwaambia wageni kuwa tanipu za huko ni kubwa hata watu huzichimba kama machimbo ya mawe, kisha kondoo hulala ndani. Kwa kumkumbuka, kila Novemba hufanyika shindano la uongo huko Santon Bridge. Wanasiasa na mawakili wamezuiwa kushiriki.

Wageni wa Ritson walikuja kutembea. Waliofuata walikuja kuning'inia. Mwaka 1886 Walter Parry Haskett Smith alipanda peke yake Napes Needle, mnara wa mwamba ulio ubavuni mwa Great Gable, na hoteli ya kitongoji ikawa makao ya wapanda miamba. Kioo kimoja cha dirisha la kanisa kimechorwa mwamba huo, kuwakumbuka wenzao waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Lakini wenye milima hasa ni kondoo aina ya Herdwick, wanaozaliwa weusi na kugeuka kijivu wakikua. Mlimani hawazungushiwi ua. Mwanakondoo hujifunza kwa mama yake mipaka ya malisho, naye huja kuwafunza wanawe. Ndiyo sababu shamba likibadilisha mpangaji, kundi mara nyingi hubaki na mlima wake. Ugonjwa wa miguu na midomo ulipoivamia Cumbria mwaka 2001, hofu kubwa ilikuwa kwamba makundi yakichinjwa, maarifa hayo ya mipaka yangepotea. Fidia ingeweza kununua kondoo wengine mnadani, ila wageni hao wangetawanyika hadi bonde la jirani kabla mwenye nao hajafika nyumbani.