Mtambo wa Kumrudisha Mtu Nyumbani: Historia ya Pikipiki za Theluji na Uaminifu wa Waendeshaji kwa Chapa Zao

Pikipiki ya theluji ni chombo cha mtu mmoja au wawili kinachosukumwa na mnyororo mpana wa mpira unaozunguka chini ya kiti, huku vibao viwili vya kutelezea vilivyofungwa mbele na kugeuzwa kwa usukani wa mikono vikikielekeza juu ya theluji ambamo gurudumu la kawaida lingezama. Katika Kanada, kaskazini mwa Marekani na nchi za Skandinavia chombo hiki kimetumika kwa zaidi ya miaka 60, na katika muda huo wote wamiliki wake wamejulikana kwa uaminifu mkubwa kwa chapa, yaani tabia ya mnunuzi kurudia jina lilelile la biashara kila anapobadilisha mtambo, na mara nyingi kumrithisha mwanawe chaguo hilo. Ni rahisi kuueleza uaminifu huo kuwa matunda ya matangazo, rangi na mashindano, na mambo hayo kweli yalichangia. Hata hivyo, historia ya chombo chenyewe inaonyesha chanzo kizito zaidi, nacho ni hatari ya kukwama mbali na makazi katika baridi ya nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri, pamoja na swali la nani, na katika mji gani, anacho kipuri cha kumkwamua aliyekwama.

Sehemu kubwa ya historia hiyo inaanzia Valcourt, mji mdogo wa jimbo la Quebec ulioko mashariki ya Montreal, ambako Joseph-Armand Bombardier alizaliwa mwaka 1907 na kufungua gereji yake mwaka 1926. Wakati huo barabara za vijijini za Quebec hazikuondolewa theluji, magari yalifungiwa ndani hadi baridi ipite, na mtu aliyehitaji daktari kati ya Desemba na Machi alitegemea farasi na sleji, yaani chombo kisicho na magurudumu kinachokokotwa juu ya theluji. Katika majira ya baridi ya mwaka 1934 mtoto wa Bombardier aliyeitwa Yvon, mwenye umri wa miaka miwili, aliugua tumbo kwa namna iliyohitaji upasuaji wa haraka, akafariki kwa kuwa hapakuwa na njia ya kumfikisha hospitali. Bombardier alikuwa akijaribu mitambo ya theluji tangu ujana wake, kwa hiyo haifai kudai kwamba msiba huo ndio uliozaa wazo. Lakini hakuna msomaji wa maisha yake anayeweza kuutenga msiba huo na bidii aliyoionyesha baadaye. Mwaka 1935 alikamilisha mfumo wa gurudumu lenye meno lililofunikwa kwa mpira, ambalo huzungusha mnyororo wa mpira ulioimarishwa kwa vyuma, na mwaka 1937 akapata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, na kuanza kuuza gari la abiria saba lililoitwa B7. Magari hayo, pamoja na yale ya abiria 12 yaliyofuata, yalichukua wagonjwa, barua na watoto wa shule, na kampuni rasmi iliundwa mwaka 1942 ili kukidhi maagizo yake.

Mwaka 1948 serikali ya Quebec ilipoamua kwamba barabara za vijijini zisafishwe wakati wa baridi, soko la magari hayo makubwa lilianguka, na fundi huyo akarudia wazo lake la zamani la chombo kidogo cha mtu mmoja. Wazo hilo lilikuwa limesubiri vitu viwili ambavyo havikuwapo katika miaka ya 1930, yaani injini nyepesi isiyochoka haraka, na mnyororo wa mpira wa kipande kimoja usio na kiungio, kwa sababu kiungio ndicho kilichokuwa kikikatika. Chombo hicho, kilichoitwa Ski-Doo, kilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1959 kikiwa na injini ya Kohler yenye nguvu farasi 7 na mwendo usiozidi sana kilomita 40 kwa saa. Bombardier aliwafikiria wawindaji, wapima ardhi na wamisionari, na mojawapo ya vyombo vya mwanzo alimpelekea rafiki yake, padri Mkatoliki aliyefanya kazi miongoni mwa wenyeji wa kaskazini mwa Ontario. Katika msimu wa kwanza viliuzwa vyombo 225 tu. Alipofariki mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 56, tayari watu wa mijini walikuwa wameanza kuvinunua kwa burudani, jambo ambalo hakulipa uzito mkubwa wakati wa kubuni.

Upande wa pili wa mpaka, katika mji wa Roseau uliopo kaskazini kabisa mwa jimbo la Minnesota, karakana ya Hetteen Hoist and Derrick ilikuwa ikitengeneza zana za kilimo chini ya Edgar Hetteen, ndugu yake Allan na David Johnson. Mwanzoni mwa mwaka 1956 Johnson na wenzake waliunda mtambo wa theluji kwa kutumia injini ndogo ya Briggs & Stratton, mnyororo wa mashine ya kupandishia nafaka ghalani, na bampa la gari la Chevrolet lililogeuzwa kuwa vibao vya kutelezea. Mtambo huo ukauzwa kwa dola 465 kwa mwenye duka la mbao la hapohapo mjini, kwani karakana ilihitaji fedha za mishahara. Karakana hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Polaris. Mnunuzi alimfahamu fundi, alijua mlango wake, na mtambo ulipoharibika aliurudisha mahali ulipotoka. Katika jambo hilo dogo unaonekana muundo wa uhusiano ambao chapa zote kubwa zilijaribu kuulinda baadaye kupitia mawakala, yaani wenye maduka waliopewa haki ya kuuza na kutengeneza chapa fulani katika wilaya yao.

Mwezi Machi 1960 Edgar Hetteen na wenzake watatu waliendesha mitambo ya Polaris kutoka Bethel hadi Fairbanks huko Alaska, safari ya zaidi ya kilomita 1,600, ili kuuthibitishia umma kwamba vyombo hivyo si vya kuchezea. Aliporudi alikuta washirika wake hawakuridhika na gharama na muda uliotumika, akajitoa, na punde akaanzisha kampuni nyingine mjini Thief River Falls, takribani kilomita 100 kutoka Roseau. Kampuni hiyo ikawa Arctic Cat. Hivyo mashindano yaliyogawanya familia na vijiji vya Minnesota kwa zaidi ya nusu karne yalizaliwa kutoka mkono wa mtu mmoja na miji miwili jirani, na anayetaka kuelewa kwa nini mkazi wa Roseau hununua Polaris anapaswa kukumbuka kwamba huenda mjomba wake ndiye aliyezifunga nati zake.

Ili kuona kwa nini uimara ulikuwa na uzito huo, inafaa kueleza namna mtambo huu unavyoharibika. Kwa miongo mingi injini zake zilikuwa za mipigo miwili, ambazo ni nyepesi na zenye nguvu, lakini oili ya kulainisha huingia ndani pamoja na petroli. Hewa ya baridi kali ni nzito na hubeba oksijeni nyingi zaidi katika ujazo uleule, kwa hiyo kabureta, yaani kifaa kinachochanganya hewa na petroli, ikipimwa kwa siku ya nyuzi 5 chini ya sifuri itatoa petroli pungufu siku ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Mchanganyiko pungufu huungua kwa joto kali kupita kiasi, na pale oili ilipochanganywa katika tangi moja na petroli, upungufu wa petroli ukawa pia upungufu wa ulainishaji. Ndiyo maana pistoni ya alumini iliweza kuyeyuka katikati ya baridi inayogandisha pumzi. Mwendeshaji mzoefu alibeba plagi za akiba na alijua kubadilisha matundu ya kabureta kwa vidole vilivyokufa ganzi. Baadaye injini zilipoanza kupozwa kwa maji, mabomba ya kupozea yaliwekwa juu ya mnyororo ili yapigwe na theluji inayoruka, na mtu aliyepita muda mrefu juu ya barafu tupu ya ziwa, isiyo na theluji, aliona joto la injini likipanda bila dawa.

Nguvu ya injini nayo hufika kwenye mnyororo kupitia mkanda unaopita kati ya puli mbili zinazojibana na kujitanua kulingana na kasi. Mkanda huo huungua, huchakaa na hukatika, na desturi ya kubeba mwingine chini ya boneti ni ya zamani kama mtambo wenyewe. Lakini mara nyingi mkanda wa chapa moja haukuingia katika chapa nyingine, wala plagi, wala vyuma vya vibao. Kundi la watu watano waliotumia chapa moja lilibeba, kwa pamoja, ghala dogo la vipuri, ilhali aliyekuja na chapa ya peke yake alijitegemea mwenyewe. Hapo ndipo uaminifu kwa chapa uliposhika mizizi, nao ulikuwa ni mpango wa busara wa kusaidiana, uliowafunga majirani kabla ya kuwafunga wanunuzi kwa kampuni.

Uthibitisho wa uimara ulitafutwa hadharani. Mwaka 1968 Ralph Plaisted, mwuza bima wa Minnesota, aliongoza kundi dogo lililotumia Ski-Doo kufika Ncha ya Kaskazini baada ya safari ya zaidi ya siku 40 juu ya bahari iliyoganda, na ndege ya Jeshi la Anga la Marekani ikathibitisha mahali walipokuwa. Alikuwa ameshindwa mwaka uliotangulia. Mwanachama mmoja wa kundi hilo, Jean-Luc Bombardier, alikuwa wa ukoo wa mvumbuzi. Mbio za masafa marefu kati ya Winnipeg na St. Paul, zilizoanza mwaka 1966, zilifuata mantiki hiyohiyo, kwa sababu wengi hawakumaliza, na kumaliza kulikuwa tangazo tosha.

Kwa watu waliokitumia chombo hiki kujipatia riziki, suala hilo lilikuwa zito zaidi. Mwanaanthropolojia Pertti Pelto, katika kitabu alichochapisha mwaka 1973, alieleza jinsi Wasami wa kundi la Skolt huko kaskazini mwa Ufini walivyoacha sleji za kukokotwa na kulungu wa Aktiki, na katika muda usiozidi miaka 10 tangu mtambo wa kwanza ufike, karibu kila kaya ya wafugaji ikawa na wake. Pelto aliona kwamba nishati ya kazi, iliyokuwa ikitoka katika malisho ya nyumbani, sasa ilitoka katika petroli na vipuri vya mbali, na kwamba kaya zisizomudu gharama hizo zilisukumwa nje ya ufugaji. Mnyama aliyechoka hupumzika na kuendelea, lakini mtambo uliokatika mnyororo haumbebi mtu hata hatua moja. Wawindaji Wainuiti wa Aktiki ya Kanada, waliopitia mabadiliko hayo katika miaka ileile, wakawa mafundi hodari wa kutengeneza injini katikati ya barafu, ustadi ambao unastahili sifa sawa na ule wa kusoma upepo na theluji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa na zaidi ya watengenezaji 100, na mauzo ya Amerika Kaskazini yalikaribia vyombo 500,000 kwa mwaka. Kisha ikaja shida ya mafuta ya mwaka 1973, misimu yenye theluji haba na uchumi mgumu, hata mauzo ya mwaka yakashuka chini ya 100,000 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kampuni zilifungwa moja baada ya nyingine, na hata John Deere, yenye nguvu zote za matrekta yake, ilijitoa. Wamiliki wa chapa zilizokufa walibaki na mitambo mizima isiyo na vipuri, na somo hilo lilienea kuliko tangazo lolote: kabla ya kununua, mtu alipaswa kujiuliza kama kampuni itakuwapo baada ya miaka mitano.

Zikasalia nne, Ski-Doo, Polaris, Arctic Cat na Yamaha ya Japani, na waendeshaji wakajipanga nyuma yake kwa shauku iliyozidi tofauti za kiufundi. Maana kwa miaka mingi Polaris ilitumia injini za Fuji na Arctic Cat zile za Suzuki, zote za Japani, ilhali Ski-Doo ilitumia Rotax ya Austria, ambayo Bombardier iliinunua mwaka 1970. Yamaha peke yake iliingia sokoni mwaka 1968 ikiwa na injini yake kamili. Aliyebishana juu ya moyo wa chapa ya mji wake alikuwa, kwa sehemu kubwa, akitetea mikono iliyouunganisha mtambo wake na wakala aliyeutengeneza. Hoja hiyo haiudhalilishi uaminifu wake hata kidogo. Inauweka mahali pake pa haki, kwa watu anaowajua.

Arctic Cat iliupima uaminifu huo kuliko zote. Mwaka 1981 kampuni mama ilifilisika na uzalishaji ukasimama, lakini waliokuwa wafanyakazi wake waliunda kampuni mpya na mitambo ikarudi madukani kwa msimu wa 1984. Chapa isiyo na watu wa kuingojea isingefufuka. Hata leo biashara hii inategemea imani ya namna hiyo, kwa kuwa mnunuzi huweka agizo na amana wakati wa majira ya kuchipua kwa mtambo atakaouendesha miezi mingi baadaye. Umiliki, hata hivyo, umehama bila kuzingatia mipaka ya ushabiki: Textron iliimiliki Polaris kuanzia mwaka 1968 hadi 1981, ikainunua Arctic Cat mwaka 2017, na mwaka 2025 ikaiuza kwa wamiliki wapya. Yamaha, iliyojijengea jina kwa injini za mipigo minne zinazodumu muda mrefu, ilitangaza mwaka 2023 kwamba modeli za 2025 zingekuwa za mwisho Amerika Kaskazini, ikaahidi kuendelea kutoa vipuri na huduma kupitia mawakala wake. Na thamani ya mtambo wa Yamaha kwa mmiliki anayeishi mbali na mji itategemea ahadi hiyo kwa miaka mingi ijayo.