Kisigino cha Nani?

Anayeanza kukimbia siku hizi, hata kabla jasho halijamtoka, tayari ameshapewa amri: usitue kwa kisigino. Tua kwa sehemu ya mbele ya wayo, ndivyo binadamu alivyoumbwa, ndivyo Wakenya wanavyokimbia. Ukiisikia utadhani imetoka kwa mababu. Kumbe ni changa kuliko wengi wetu tunaoipokea.

Mwaka 1967, Bill Bowerman, kocha wa Chuo Kikuu cha Oregon, alitoa kitabu cha kuwafundisha Wamarekani wa kawaida kukimbia polepole kwa ajili ya afya, jambo aliloliona New Zealand kwa Arthur Lydiard. Ushauri wake ulikuwa kinyume kabisa: kisigino kitangulie, wayo ulale, umalizie vidoleni. Kwake huo ndio mtuo usiochosha kwenye masafa. Huyo ni Bowerman yuleyule aliyeanzisha na Phil Knight, mwaka 1964, kampuni iliyokuja kuitwa Nike. Raba zenye visigino vinene zilifuata, na kizazi kizima kikajifunzia humo.

Upepo ulibadilika mwaka 2009, Christopher McDougall alipoandika juu ya Wararámuri wa Mexico na sandali zao nyembamba. Januari 2010, Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake wakachapisha katika jarida la Nature utafiti uliowahusisha wakimbiaji wa Bonde la Ufa waliokulia peku. Wengi wao walitua kwa mbele ya wayo, na kishindo cha mtuo huo kilikuwa kidogo. Utafiti haukusema kwamba wanaumia kidogo. Hilo liliongezwa na wasomaji, na wauzaji. Mwaka 2014 kampuni ya Vibram, watengenezaji wa viatu vyenye vidole, ilikubali kutenga dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja kuhusu madai yake ya kiafya, bila kukiri kosa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Kevin Hatala na wenzake walikuwa wametoa matokeo kutoka Ileret, kaskazini mwa Kenya hiyohiyo. Waliwapima Wadaasanach 38, wafugaji wasio na mazoea ya viatu. Katika kasi waliyojichagulia wenyewe kwa mbio ndefu, asilimia 72 ya mituo ilikuwa ya kisigino.

Kinachonikera kama mwanafunzi wa historia ni kwamba taarifa hii haikupata hata robo ya umaarufu wa ile ya kwanza. "Mkenya" aliyetakiwa alikuwa mmoja tu, yule anayethibitisha jambo lililokwishaamuliwa. Mfugaji wa Ileret, anayeishi karne hii kama sisi, hutazamwa kama dirisha la zama za mawe pale tu anapokanyaga inavyotarajiwa.

Na gharama ya amri hii hailipwi na mwandishi wala muuza viatu. Kuhamia mbele ya wayo hupunguza mzigo wa goti na kuupeleka kwenye kigimbi na kano ya kisigino. Anayeanza, ambaye kigimbi chake hakijazoea hata kilomita mbili, hubebeshwa mzigo huo ghafla kwa jina la asili.

Wale Wadaasanach, walipoongeza kasi, mituo ya kisigino ilipungua.