Govi kubana kwa mwanaume: namna ya kutambua na kutibu

Kuna magonjwa ambayo mwanaume huyaficha hata mbele ya mke wake. Moja kati yake ni govi kubana. Govi ni ile ngozi inayofunika kichwa cha uume. Kwa mwanaume mzima ambaye hakutahiriwa, ngozi hiyo inapaswa kuvutika nyuma na kurudi mbele bila maumivu. Ikishindwa, madaktari huita hali hiyo fimosisi.

Hapa Kongo wavulana wengi hutahiriwa wangali wadogo. Kwa hiyo yule ambaye hakutahiriwa huogopa kuchekwa, naye hunyamaza kwa miaka mingi. Ni vibaya kunyamaza, kwa sababu ugonjwa huu ukionwa mapema, mara nyingi hutibika kwa pomadi, bila kupasuliwa.

Kwa mtoto mdogo si ugonjwa

Mtoto wa kiume huzaliwa govi likiwa limeshikamana na kichwa cha uume. Linaachana polepole, kwa wengine katika miaka ya kwanza, kwa wengine hadi wanapobalehe. Wazazi wasilivute kwa nguvu wanapomwogesha mtoto. Likivutwa kwa nguvu linachanika, na kovu linalobaki ndilo linaloweza kulifanya libane baadaye. Mtoto apelekwe kwa daktari ikiwa anakojoa kwa shida, analia kwa maumivu au anapata maambukizo mara kwa mara.

Dalili kwa mtu mzima

Mwanaume ajichunguze akiona mambo haya:

- govi halivutiki tena, ingawa zamani lilivutika;
- ncha ya govi ina duara gumu, jeupe, au nyufa zinazotoka damu;
- maumivu uume unaposimama au wakati wa tendo la ndoa;
- govi hujaa kama puto wakati wa kukojoa, au mkojo hutoka kwa uzi mwembamba;
- muwasho, wekundu, usaha au harufu mbaya.

Sababu zake

Sababu moja ni maambukizo yanayorudi-rudi na kuacha makovu. Nyingine ni ugonjwa wa ngozi uitwao likeni sklerosi, unaoleta mabaka meupe na kuikaza ngozi. Ya tatu ni ugonjwa wa sukari: sukari ikizidi katika mkojo, kuvu huota chini ya govi. Ndiyo maana mtu mzima ambaye govi lake limeanza kubana hivi karibuni anapaswa kupimwa sukari. Wako watu waliogundua ugonjwa wa sukari kwa njia hiyo.

Matibabu

Kwanza ni usafi: maji ya uvuguvugu kila siku, bila sabuni kali, bila dawa ya kuua vijidudu na bila kusugua. Kama kuna maambukizo, yatibiwe kwanza.

Kisha daktari anaweza kuandika pomadi yenye betamethasoni. Hupakwa kidogo kwenye sehemu inayobana, mara mbili kwa siku, kwa majuma 4 hadi 8. Pamoja na pomadi, mgonjwa huvuta govi taratibu baada ya kuoga, mpaka ahisi limekaza lakini haliumi, halafu hulirudisha mbele. Wengi hupona hivyo.

Tahadhari moja: pomadi za kujichubua zinazouzwa sokoni, nyingine zina dawa za jamii hiyohiyo, lakini kipimo chake hakijulikani na mara nyingi zimechanganywa na vitu vingine. Usizitumie. Wala usimwendee mtu wa mtaani mwenye wembe.

Ikiwa kovu ni gumu, au pomadi haikusaidia, au maambukizo yanarudi, kutahiriwa ndiyo dawa ya kudumu. Mtu mzima huchomwa sindano ya ganzi na kwa kawaida hurudi nyumbani siku ileile. Hujizuia na tendo la ndoa kwa muda wa majuma 6 hivi, mpaka kidonda kipone kabisa. Mahali pengine daktari anaweza kupanua tu ile sehemu inayobana, bila kuondoa govi lote.

Hatari isiyongoja kesho

Wakati mwingine govi linalobana huvutwa nyuma na kukataa kurudi. Linakaza shingo ya uume kama pete, na kichwa kinavimba. Hali hii huitwa parafimosisi. Shika kichwa cha uume kwa kiganja, ukibane kwa dakika kadhaa ili uvimbe upungue, halafu jaribu kurudisha govi mbele. Lisiporudi, nenda hospitali saa ileile, hata usiku, kwa maana damu ikizuiwa nyama inaweza kufa. Wauguzi nao wakumbuke: baada ya kumwekea mgonjwa mpira wa mkojo, govi lirudishwe mbele.

Vilevile, kidonda kisichopona, uvimbe au damu chini ya govi vinataka kupimwa bila kukawia. Govi linalobana kwa miaka mingi huongeza hatari ya kansa ya uume.

Neno kwa familia na wachungaji

Ugonjwa huu si laana, wala si alama ya uasherati. Na kutahiriwa kwa sababu ya matibabu si sharti la imani: Paulo aliwapinga wale waliotaka kuwatahiri Wagalatia kwa nguvu. Hapa ni jambo la afya tu.

Mke akiona mume wake anamkwepa, asifikiri mara moja kwamba hapendwi tena. Huenda mume anaumia na anaona haya kusema. Amuulize kwa upole, waende pamoja kwenye kituo cha afya. Na wewe ndugu unayesoma haya ukijitambua, sema tu kwa muuguzi: “Govi langu linabana.” Amekwisha kusikia maneno hayo kwa wengine kabla yako.