Daktari wa Kalela

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Jumapili mchana mjini Luanshya, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), ungekuta vijana wa mgodini wakicheza ngoma iitwayo kalela. Hakuna ngozi ya chui wala shanga. Suruali zimepigwa pasi, viatu vinang'aa. Ngoma zenyewe ni mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe. Kuna "kingi" aliyevaa suti. Kuna "daktari" wa joho jeupe na msalaba mwekundu kifuani. Na kuna mwanamke mmoja tu, "nesi", anayezunguka na kioo na leso ili wachezaji wajiangalie wasije wakakaa ovyo.

J. Clyde Mitchell aliitazama ngoma hii, na mwaka wa 1956 akatoa kijitabu juu yake. Kinachonivutia ni swali lake. Hakuuliza kama ni ngoma ya asili ama la, swali ambalo Wakenya tunalipenda kupita kiasi. (Nenda tamasha lolote la shule uone majaji wanavyokagua sketi za makonge.) Aliuliza: wanacheza kina nani, wanamwimba nani, na nani amesimama pale anatazama?

Karibu wachezaji wote walikuwa Wabisa. Walisifu kwao na chifu wao, kisha wakawachamba makabila mengine, na watu wa hayo makabila walikuwa papo hapo wakicheka. Yaani mavazi ya kizungu, maneno ya kikabila. Mitchell akasema ukabila wa mjini si ule wa kijijini uliopakiwa kwenye gunia ukaletwa na gari moshi. Kijijini kabila ni chifu, ardhi, ukoo. Mjini unakutana na mamia ya watu usiowajua, na jina la kabila linakuwa njia ya haraka ya kuwapanga: huyu naweza kumtania, huyu nimpe nafasi, huyu nijihadhari naye.

Kama umewahi kutafuta nyumba Nairobi na caretaker akakuuliza "na jina la pili?", hiyo unaielewa bila darasa. Wachekeshaji wetu wanaishi kwa hilo jina la pili, lafudhi moja baada ya nyingine, na mimi pia hucheka. Lakini orodha ya kutania ndiyo hiyo hiyo ya kutenga. Mapema 2008, kwenye vizuizi vya barabara Bonde la Ufa, watu walitolewa kwenye magari wakaulizwa kitambulisho, na kilichotafutwa hapo kilikuwa jina.

Mahali ninapotaka zaidi kuliko Mitchell anavyonipa ni kwa yule daktari. Yeye aliona mavazi yale kama ngazi ya heshima: kwenye koloni, mzungu yuko juu, basi unavaa cha juu. Sawa. Lakini kalela ina ukoo, na ukoo wake unaanzia huku kwetu.

Terence Ranger aliufuata kwenye kitabu chake cha 1975 kuhusu beni. Neno lenyewe ni "band" lililopata irabu. Lamu na Mombasa mitaa ilikuwa ikishindana tangu zamani kwa ngoma, mashairi na karamu. Miaka ya 1890 vijana wakaona bendi za tarumbeta, za Sultani wa Zanzibar na za watumwa walioachwa huru Freretown, wakazichukua wakazitia kwenye ushindani ule ule. Mombasa kukawa na Kingi na Skochi, kila upande na wakubwa wake wa kila cheo. Kwa hiyo mtu anayesema "waliiga wazungu" ameona kofia tu. Aliyelengwa kwa ile kofia alikuwa jirani wa mtaa wa pili.

Wanawake nao walikuwa na lelemama. Margaret Strobel alionyesha jinsi vikundi vyao Mombasa vilivyokuwa na vyeo, mahasimu na gharama zake, na jinsi uzoefu huo wa kujipanga ulivyoingia baadaye kwenye vyama vya wanawake Waislamu.

Halafu Vita vya Kwanza. Askari na wapagazi, hao waliotuachia jina la Kariokor hapa na Kariakoo Dar es Salaam, wakaibeba beni hadi bara. Tanganyika ikapata Marini, waliojiona watu wa juu, na Arinoti wa watu wa chini. Nyasaland na Rhodesia zikapata zao. Mgeni aliyeshuka mji asioujua alikuta chama, wenzake, na mtu wa kumzika.

Wakoloni walishindwa kuamua. Wengine walicheka, ati hawa wanajifanya wazungu. Wengine waliogopa, maana vikundi vilikuwa na matawi na amri zilizotii vyeo. Mwaka wa 1935 wachimba migodi wa Ukanda wa Shaba waligoma juu ya kodi iliyopandishwa, na tume iliyochunguza ikajikuta inaulizia chama cha ngoma, mbeni. Watu 6 walikuwa wamepigwa risasi wakafa. Ilikuwa Luanshya, mji ule ule ambako baadaye Mitchell angesimama na daftari lake kando ya uwanja, akiandika kuhusu viatu vinavyong'aa.