Kasi ipitayo sauti: Historia ya kuhesabu wimbi la mshtuko

Leo tunaangalia jinsi binadamu alivyojifunza kuhesabu mwendo wa hewa pale chombo kinapoipita kasi ya sauti, na jinsi elimu hiyo ilivyotoka kwenye maabara zilizofungwa hadi kwenye kompyuta ya mwanafunzi wa kawaida.

Hewa hupashana habari kwa kasi ya sauti. Chombo kikienda kasi zaidi ya hapo, hewa iliyo mbele haipati taarifa kwamba kuna kitu kinakuja. Hubanwa ghafla, na shinikizo, joto na uzito wake hupanda kwa mruko mmoja, ndani ya ukanda mwembamba kuliko unywele. Ukanda huo ndio wimbi la mshtuko.

Mwaka 1887 Ernst Mach, aliyekuwa akifundisha mjini Prague, pamoja na mwenzake Peter Salcher, walitangaza picha za risasi ikiruka. Mbele yake lilionekana wimbi, mfano wa maji yanavyopasuliwa na omo la jahazi. Miaka 60 baadaye, tarehe 14 Oktoba 1947, rubani Chuck Yeager aliipita kasi ya sauti akiwa ndani ya ndege ya Bell X-1 katika anga ya California.

Kulipiga picha wimbi hilo ni jambo moja. Kulihesabu ni jambo jingine. Kompyuta huigawa hewa katika vyumba vidogo vidogo, kisha hukadiria kinachotoka chumba kimoja kuingia kingine. Hesabu za namna hiyo hutegemea mabadiliko ya taratibu. Zikifika penye mruko huyumba, na pengine hutoa shinikizo lililo chini ya sifuri, jambo lisilowezekana.

Mwaka 1950 John von Neumann na Robert Richtmyer walipendekeza dawa: kuiongezea hewa mnato wa bandia, ili mruko utandazwe juu ya vyumba vichache. Mwaka 1959 Mrusi Sergei Godunov akaja na njia nyingine. Yeye aliuchukulia kila mpaka wa vyumba viwili kuwa ni utando uliopasuka ghafla baina ya hewa mbili zisizolingana, akahesabu kinachopita hapo.

Lakini programu zilizojengwa juu ya fikra hizo, nyingi zilibaki mikononi mwa taasisi za ulinzi na makampuni ya ndege, au ziliuzwa kwa leseni za bei kubwa. Mtumiaji alipewa jibu bila ya kuonyeshwa lilivyopatikana.

Huko Imperial College, London, mwishoni mwa miaka ya 1980, Henry Weller alianza kuandika programu iliyoitwa FOAM. Hrvoje Jasak naye akawa miongoni mwa walioiendeleza. Kwa muda iliuzwa kibiashara. Mwezi Desemba 2004 ikatolewa kuwa programu huria kwa jina la OpenFOAM: yeyote aweza kuichukua bure, kuisoma na kuirekebisha.

Miongoni mwa mazoezi yanayokuja nayo limo jaribio mashuhuri. Hewa huingia katika njia nyembamba kwa kasi mara tatu ya sauti, kisha hukutana na kidato kilichoinuka sehemu moja ya tano ya kimo cha njia. Paul Woodward na Phillip Colella walilitumia mwaka 1984 kupima mbinu mbalimbali. Walionya kuwa kwenye pembe ya kidato hesabu hukosea, na kosa hilo huzaa juu ya kidato wimbi ambalo kwa kweli halipo. Picha hutoka nzuri, yenye rangi za kupendeza, lakini sehemu yake ni uongo.

Hapo ndipo thamani ya uhuria inapoonekana. Programu iliyo wazi nayo hukosea kama nyingine. Tofauti ni kwamba msomaji aweza kuifungua, akabadili mbinu, akaongeza vyumba penye pembe, na kulinganisha na vipimo vya maabara. Kwa mhandisi atakayeweka roho za watu ndani ya chombo, hilo si jambo dogo. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Na hesabu ni vivyo hivyo.