Chinook Mezani: Ramani, Kumbukumbu na Vumbi

Helikopta kubwa ikiegeshwa na injini zikazimwa, mapanga yake huinama. Panga moja la helikopta ya Chinook lina urefu wa takriban mita 9, limeshikwa upande mmoja tu kwenye kitovu, na uzito wake lenyewe huivuta ncha kuelekea chini. Mashine ikiruka mambo hugeuka: mzunguko hulinyoosha panga, na mzigo wa helikopta nzima huipandisha ncha juu kidogo. Lakini kwenye boksi la kielelezo cha plastiki panga hilo mara nyingi hutoka limenyooka kama rula, kwa kuwa kiwanda kimefuata mchoro, na mchoro haubebi uzito. Mjenzi makini hulichovya kwenye maji ya moto na kulipinda taratibu. Akishalipinda amekwisha kuchagua upande katika ubishi wa zamani: kielelezo kinawajibika kwa nani? Kwa ramani ya mashine, au kwa mashine yenyewe kama ilivyokuwa siku fulani, mahali fulani?

Waingereza wa karne ya 17 walilijibu swali hili bila kusita. Kwenye Makumbusho ya Taifa ya Bahari huko Greenwich kuna mifano ya meli za kivita iliyojengwa kwa ajili ya wakuu wa jeshi la majini wa enzi hizo. Sehemu ya chini ya chombo haikufunikwa mbao. Mataruma yameachwa wazi, unayaona moja baada ya jingine kuanzia mkukuni. Hakuna baharia, hakuna chumvi, hakuna kamba iliyochakaa. Meli imesimama kwenye kiti chake, safi, nje ya wakati. Skeli iliyopendwa ilikuwa robo inchi kwa kila futi moja, yaani 1:48, na skeli hiyo haikufa. Kampuni ya Italeri ya Italia imetoa Chinook ya 1:48, na anayeikata kutoka kwenye fremu zake za plastiki anatumia kipimo kilekile cha mafundi wa mifano hiyo. Mashine yenye mita 30.1 mapanga yakiwa yameenea inakuwa sentimita 63 mezani.

Ukoo huo wa ramani una nguvu zake, na sikubaliani na wanaoudharau. Chinook ina rafadha mbili, moja mbele na moja nyuma, zinazozunguka kwa kupingana huku duara zao zikiingiliana. Kinachozuia mapanga yasikatane ni mihimili na gia zinazozifunga rafadha hizo pamoja, panga la mbele lipite katikati ya mawili ya nyuma. Mjenzi anayezigandisha kwa kukisia ametengeneza helikopta ambayo ingejikata yenyewe kabla ya kuinuka. Isitoshe, mapanga ya mbele na ya nyuma si ya aina moja. Kwa kuwa mizunguko inapingana, ukingo unaokata hewa umekaa upande tofauti, na ukiyachanganya hakuna rangi itakayokuficha mbele ya mtu aliyewahi kuihudumia mashine hiyo. Hapo jicho na hisia havitoshi. Ramani ndiyo bwana.

Lakini ramani hiyohiyo hukutupa mkono mara tu uzito unapoingia. Mi-26 ya Urusi, iliyoruka mara ya kwanza Desemba 1977, ina rafadha kuu yenye mapanga 8 na upana wa mita 32. Mwaka 2002 mashine ya aina hiyo iliibeba Chinook iliyoharibika nchini Afghanistan, ikining'inia chini yake kama mzigo wa kawaida. Kwenye skeli ya 1:72 rafadha hiyo inafikia sentimita 44, na mjenzi anayefuata maumbo tu huona kielelezo chake kikikalia mkia, kwa sababu miguu ya magurudumu ya Mi-26 imepangwa miwili nyuma na mmoja wa pua mbele. Dawa yake ni chubwi: vipande vya risasi vinavyofichwa puani kabla ya nusu mbili za bodi kuunganishwa. Meli ya Greenwich haikuwa na shida hiyo. Ilipewa kiti.

Skeli nyingine ya Chinook, 1:35, ilizaliwa kwa njia ya kidunia kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilipounda kifaru cha Panther kinachotembea kwa mota, ukubwa wake uliamuliwa na nafasi ya betri na mota. Kipimo hicho kikawa desturi ya dunia nzima, na leo kampuni ya Trumpeter ya China inauza Chinook ya 1:35, yenye urefu wa sentimita 86 mapanga yakienea. Mbao na ofisi upande mmoja, betri na kitu cha kuchezea upande mwingine; napenda kwamba pande zote mbili zimeacha alama kwenye kitu kimoja.

Upande wa pili wa ubishi walikaa watu ambao hawakuwa na ramani yoyote. Kuanzia 1797, kambi ya Norman Cross karibu na Peterborough iliwafunga maelfu ya wafungwa wa vita, wengi wao Wafaransa. Walikusanya mifupa ya nyama ya posho, wakaichemsha, wakaifanya myeupe, wakaichonga kuwa meli za kivita zenye mizinga na milingoti, kisha wakaziuza sokoni kwenye lango la kambi. Makumbusho ya Peterborough bado yanazihifadhi baadhi yake. Mtaalamu wa vipimo atakuambia kwamba mara nyingi uwiano wake umepotoka, milingoti mirefu mno na mizinga mikubwa mno. Ni kweli. Lakini waliozichonga walikuwamo mabaharia waliowahi kusimama kando ya mizinga hiyo. Mzinga aliousukuma mtu kwa mabega yake hauwezi kuwa mdogo katika kumbukumbu yake, na meli hizo zinatueleza jambo ambalo mifano ya Greenwich, kwa uzuri wake wote, haikuwahi kulieleza: vilivyokuwa vizito kwa watu wa ndani.

Nakuja sasa kwenye Chinook moja mahususi, kwa sababu hadithi yake inaufanya ubishi huu usiwe wa mezani tu. Tarehe 25 Mei 1982, katika vita vya Falklands, meli ya Atlantic Conveyor ilipigwa kwa makombora ya Argentina, na Chinook tatu za Uingereza zikaangamia pamoja nayo. Ya nne ilikuwa angani. Ilijulikana kwa herufi zake, Bravo November. Ilitua nchi kavu bila vipuri, bila zana na bila vitabu vya maelekezo, kwa kuwa vyote vilikuwa melini. Mafundi waliiweka hewani kwa kile walichokuwa nacho vichwani. Usiku wa Mei 30, katika theluji, iligonga uso wa bahari ikainuka tena, baada ya rubani msaidizi kuutupa mlango wake akijiandaa kutoka. Juni 2 ilipakia askari 81 kwa safari moja, wamesimama, wamebanana, katika mashine iliyokusudiwa kubeba takriban nusu yao.

Anayeijenga Bravo November kwa ramani peke yake anaijenga helikopta ambayo wiki hizo haikuwa na ramani. Nadhani hapo mfungwa wa Norman Cross ana haki kuliko fundi wa mifano ya Greenwich. Vipimo vinabaki, mapanga yapishane inavyopasa, lakini baada ya hapo kila uamuzi uanzie kwa wale waliokuwa ndani: mlango wa kulia au wa kushoto upo au haupo, viti vimekunjwa au vimejaa mizigo, mlango mkubwa wa nyuma umeshuka kiasi gani. Sehemu ya mizigo yenye urefu wa mita 9 inakuwa sentimita 19 tu, gizani, na wengi huifunga bila kuijali. Mimi ningetumia humo saa nyingi kuliko kwenye rangi ya nje.

Rangi ya nje ina mapokeo yake, nayo yana deni kubwa kwa Ubelgiji. Miaka ya 1970 na 1980, François Verlinden aliwafundisha wajenzi kuachana na kielelezo kisafi. Rangi nyeusi nyepesi iliachwa itiririke kwenye mifereji ya bodi. Brashi iliyokaribia kukauka ikapitishwa juu ya kingo ili ribiti zing'are. Baadaye wajenzi wa Hispania waliuendeleza uchafu huo hadi ukawa fani yenye shule zake. Kwa ribiti mbinu hiyo ilikuwa ukombozi: kichwa cha milimita 4 kikipunguzwa mara 48 kinakuwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, ukubwa ambao plastiki haiwezi kuuonyesha kwa haki. Rangi ikafanya kazi ambayo umbo lisingeiweza.

Kasoro ilikuja pale uchafu ulipogeuka pambo la kupakwa kila mahali sawasawa. Helikopta huchafuka kwa sheria. Grisi hurushwa kutoka kwenye vitovu ikashuka juu ya bodi; masizi huanzia ekzosi za nyuma; rangi huisha pale mguu wa fundi unapokanyaga apandapo. Bravo November ilikwenda baadaye Iraq na Afghanistan, na huko mchanga hula ukingo wa mbele wa mapanga mpaka rangi inatoka. Matope ya Falklands na vumbi la Afghanistan ni habari mbili tofauti. Ukizipaka zote juu ya kielelezo kimoja, umeharibu ushahidi.

Pwani yetu inaijua thamani ya ushahidi wa aina hiyo. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila msumari na kuendeshwa kwa tanga la mkeka, ulitoweka katika karne ya 20. Mtepe wa ukubwa kamili ulipojengwa upya na kuwekwa kwenye jumba la Beit al-Ajaib, Unguja, mafundi hawakuwa na mtepe mzee wa kuupima. Anayetaka kuujua leo hana budi kutegemea picha chache, maandishi ya wasafiri na vyombo vidogo vilivyochongwa na watu waliouona. Kati ya hivyo, chenye umbo zuri tu hakimsaidii sana. Kinachomsaidia ni kile ambacho mchongaji wake alionyesha kamba inavyopita tunduni, inavyokazwa, na kitu gani kinaziba tundu.

Bravo November haijatoweka. Ilistaafu mwaka 2022 na inasimama katika makumbusho ya jeshi la anga huko Cosford, Uingereza. Lakini katika miaka yake 40 ilifumuliwa na kujengwa upya zaidi ya mara moja, injini, vyombo vya rubani na mifumo yake ikabadilishwa. Inayoonekana Cosford ni mashine ya mwisho wa safari. Anayetaka kuiona ile ya Juni 1982, na askari 81 wamesimama ndani yake, itabidi ajengewe.