Kiraka cha Chandarua

Fundi cherehani hahitaji shahada ya udaktari kulijua hili: suruali iliyochanika ukiishona kwa kuvuta kingo zake zikutane kwa nguvu, itachanika tena palepale. Dawa yake ni kiraka. Wapasuaji wa ngiri walichukua takriban miaka 100 kuufikia ukweli huo.

Ngiri ya kinena hutokea ukuta wa misuli ya tumbo unapolegea, utumbo ukapenya na kutokeza uvimbe. Edoardo Bassini, mpasuaji wa Padua nchini Italia, alikijua kinena kwa machungu yake mwenyewe. Mwaka 1867, akipigania muungano wa nchi yake, alichomwa singe hapohapo. Mwaka 1884 alianza kuufungua ukuta huo tabaka kwa tabaka na kuushona upya, na njia yake ikatawala vyumba vya upasuaji kwa karibu karne nzima. Kasoro yake ilikuwa kwenye uzi. Nyama zilivutwa zikutane, mgonjwa akaamka na maumivu makali, na kwa wengine ngiri ikarudi.

Ndipo Irving Lichtenstein wa Los Angeles akaacha kuvuta. Aliziba tundu kwa wavu wa plastiki, na mwaka 1989 akatoa taarifa ya wagonjwa 1,000 ambao hakuna hata mmoja aliyerudiwa na ngiri. Matokeo mazuri, lakini mpasuaji hawezi kuwa hakimu wa mkono wake mwenyewe. Haki ni kugawa wagonjwa kwa kura, hawa njia hii na wale njia ile, kisha kuwafuatilia wote. Majaribio ya namna hiyo yalipojumlishwa barani Ulaya, wavu ulionekana kupunguza kurudi kwa ngiri kwa asilimia kati ya 50 na 75.

Kura hiyohiyo iliwashangaza waliotukuza upasuaji wa matundu madogo. Jaribio la hospitali 14 za wanajeshi wastaafu wa Marekani, lililochapishwa mwaka 2004, lilionyesha kuwa waliopasuliwa kwa matundu waliumia kidogo zaidi siku za mwanzo na walirudi kwenye shughuli zao siku moja mapema. Lakini ndani ya miaka miwili, ngiri iliwarudia asilimia 10.1, dhidi ya asilimia 4.9 ya waliopasuliwa kwa njia ya wazi. Nafuu ya wiki mbili ilikuwa na gharama yake.

Kwetu swali lilikuwa jingine: nani ataununua wavu wa kiwandani wa dola 100 na zaidi? Nchini India, Dkt. Ravindranath Tongaonkar alikuwa ameshaanza kutumia kitambaa cha chandarua. Kinakatwa vipande, kinafungashwa, kinatakaswa kwa mvuke wa nyuzi 121, na gharama yake haifiki dola moja. Wengi walikidharau, wakakiona kitu cha maskini. Watafiti wa Uganda na Sweden wakakipeleka kwenye kura, mashariki mwa Uganda. Wanaume 302 waligawanywa makundi mawili, na hakuna aliyejua amewekewa wavu gani. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilikuwa imemrudia mtu mmoja tu wa kundi la chandarua, na hakuna hata mmoja wa kundi la kiwandani. Madhara baada ya upasuaji yalikaribiana mno: asilimia 30.8 kwa 29.7. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016, na kwangu mimi hilo ni miongoni mwa majaribio ya heshima kubwa kufanyika katika ukanda wetu, kwa sababu liliuliza swali la mgonjwa wetu.

Msomaji asikate chandarua cha kitandani kumpelekea daktari. Hicho kina dawa ya mbu, na kilichotumika Uganda hakikuwa nayo. Na mwenye ngiri iliyogoma kurudi ndani, inayouma huku anatapika, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.